Asidi ya dukani haipimwi kwa macho

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi na ukurasa wa sayansi ndo huwa naanza nao kabla hata ya michezo, kwa hiyo naomba msinichukulie kama mtu wa kulalamika tu. Ila ile makala ya kufanya kemia nyumbani mliyoitoa juzi juzi imenikera kidogo, maana ilipofika kwenye asidi mwandishi alimaliza kazi kwa sentensi moja, kwamba nenda duka la vifaa vya ujenzi ukachukue chupa ya asidi isiyo na rangi, ikiwa haina rangi basi ni safi. Mambo yakaendelea kana kwamba swali limeshajibiwa.

Mimi nilikuwa fundi wa maabara shuleni kwa miaka mingi, sasa nimestaafu, meza yangu iko uani chini ya kibanda na huwa nafanya vijaribio na mpwa wangu ambaye bado yuko sekondari. Sina maabara ya maana, nina mizani ndogo ya kupimia vito, sirinji kadhaa, vikombe vya kioo na subira. Na ninachotaka kusema ni kwamba neno "safi" peke yake halina maana yoyote kwenye asidi mpaka useme safi kwa kazi gani, na ukishasema hivyo bado lazima upime, na ukipima lazima kwanza upime vitu vyako mwenyewe. Hilo la mwisho nimelijifunza kwa aibu, nitalieleza.

Kwanza chupa zenyewe. Dukani hamna chupa iliyoandikwa "asidi ya majaribio", zipo za kazi nyingine na wewe unazigeuzia matumizi. Halafu majina yetu ya mtaani yanachanganya balaa. Mtu akikwambia "maji ya betri" inaweza kuwa ni asidi ya salfuriki ya kujazia betri mpya, na inaweza kuwa ni maji yaliyokenekwa tu (yaani ya mvuke uliopozwa) ya kuongezea betri ikipungua, chupa zinafanana, rangi hamna kwenye zote mbili, sasa hapo hiyo kanuni ya kuangalia rangi itakusaidia nini? Dawa ya kuzibua mabomba nayo ni vilevile, kuna zilizo asidi ya salfuriki kali kabisa ya asilimia 90 na kitu, na kuna ambazo si asidi hata kidogo bali ni kostiki soda, yaani kinyume chake, na mtu akizichanganya hizo mbili akidhani anaongeza nguvu itachemka na kumrukia usoni. Dawa ya choo nyingi zina asidi ya haidrokloriki ya kama asilimia 10 hivi pamoja na sabuni, manukato, rangi na kitu cha kuifanya iwe nzito ing'ang'anie ukutani, lakini nyingine zina bilichi, na bilichi ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini. Hiyo haina masihara. Dawa ya kutu mara nyingi ni asidi ya fosforiki yenye sabuni ndani.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kusoma. Kampuni nyingi huwa zinatoa karatasi ya taarifa za usalama ya bidhaa na sehemu ya 3 ya karatasi hiyo ndo inaeleza kilichomo na kwa asilimia ngapi. Ila jamani msiiamini kupita kiasi, kwanza wanaandika kwa kukadiria, labda "30 hadi 33", pili ile karatasi imeandikwa kwa ajili ya usalama wako na si kwa ajili ya fuwele unazotaka kukuza, vitu vidogo vidogo kama chuma hawana sababu ya kuvitaja. Nikiona kwenye orodha kuna sabuni au manukato chupa hiyo nairudisha kwenye shelfu hapo hapo, sihangaiki nayo zaidi. Kama karatasi haipo, weka tone moja la hiyo dawa kwenye maji kijiko kimoja ndani ya kichupa, funga, tikisa, linganisha na kichupa cha maji matupu, povu likikaa dakika kadhaa bila kuvunjika hiyo ni sabuni.

Sasa turudi kwenye rangi. Ile haidrokloriki ya kusafishia saruji na vigae, ambayo kwa kawaida ni ya kama asilimia 31 au 32, mara nyingi inakuwa na unjano fulani na unjano huo kwa kawaida ni chuma, kiasi kidogo sana kinatosha kuipaka rangi. Mwandishi wenu hapo yuko sawa, njano ni dalili. Anapokosea ni kugeuza kibao, kwamba bila njano hamna chuma. Kwanza, ule unjano unatokea chuma kikishikana na kloraidi nyingi (ile klorini iliyomo kwenye asidi hiyo), ukiongeza maji asidi ikawa dhaifu unjano unafifia haraka kuliko unavyotegemea, kwa hiyo muuzaji akiichakachua kwa maji inakuja kwako nyeupe pee na wewe unafurahi umepata safi, kumbe umepata chafu ileile na maji juu. Pili, chuma kipo cha aina mbili kwenye maji na ile aina ya pili, yenye chaji mbili badala ya tatu, karibu haina rangi kabisa. Na kwa upande mwingine salfuriki kali inaweza kuwa ya kahawia kwa sababu tu imeunguza vumbi au kiplastiki cha kifuniko, inaonekana ya kutisha na kumbe kwa kazi fulani haina shida kubwa. Macho yanadanganya pande zote mbili.

Kitu kingine watu wanachanganya ukali na usafi. Asidi inaweza kuwa dhaifu na safi sana, na inaweza kuwa kali na imejaa takataka. Ukali unapimika nyumbani bila shida. Njia ya haraka ni kupima uzito wa mililita 10 zilizovutwa kwa sirinji nzuri, maji yatakupa gramu 10, haidrokloriki ya asilimia 32 itakupa kama gramu 11.6, asidi ya betri kama 12.6 mpaka 12.8, na salfuriki kali kabisa 18.4. Fundi wa betri anafanya hivyohivyo kwa hidromita yake, kile kifaa kinachoelea. Lakini ujue chumvi yoyote iliyoyeyuka humo ndani nayo inaongeza uzito, mizani haijui kama inabeba asidi au chumvi.

Ndo maana mimi napenda kuhakikisha kwa bikaboneti ya soda, ile ya kuokea, kwa sababu imetengenezwa ya kuliwa na huwa ni safi kuliko karibu kila kitu utakachopata dukani. Naweka gramu 10 za asidi kwenye gramu 90 za maji (asidi ndo inamiminwa kwenye maji, taratibu, siyo maji kwenye asidi, hili mtu asisome haraka haraka), halafu napima gramu 0.84 za bikaboneti kwenye kikombe na maji kidogo na tone la methili oranji (rangi inayogeuka ikikutana na asidi), kisha nadondoshea ile asidi iliyopunguzwa mpaka rangi inageuka kutoka njano kuelekea wekundu na mapovu yameisha. Napima sirinji kabla na baada ili nijue zimetoka gramu ngapi. Hizo gramu 0.84 zinahitaji gramu 0.365 za haidrokloriki halisi, kwa hiyo kama nimetumia gramu 11.6 za maji ya asidi, ndani ya hizo asidi ya chupani ilikuwa gramu 1.16, na 0.365 gawanya kwa 1.16 ni asilimia 31.5. Kwa salfuriki ni gramu 0.49, asidi ya betri ya asilimia 35 utaitumia gramu 14 baada ya kuipunguza namna hiyohiyo. Mpwa wangu alivyofanya mara ya kwanza alipata asilimia 38 akaruka ruka, mpaka tulipogundua alisahau kutoa uzito wa karatasi aliyopimia bikaboneti.

Haya, ukiona mizani inasema kitu kimoja na bikaboneti inasema kingine, mfano densiti (ule uzito wa mililita 10) inaonyesha asilimia 32 lakini bikaboneti inakupa 27, hapo kuna mgeni ndani ya chupa anayebeba uzito bila kufanya kazi ya asidi. Hicho ndo kipimo cha kwanza cha usafi na watu wengi wanakiruka.

Sasa ile aibu yangu. Nilinunua asidi ya betri, chupa mpya imefungwa vizuri, nikataka kutengeneza mrututu (zile fuwele za bluu za salfeti ya shaba) kwa kuyeyusha oksidi ya shaba. Nikasema ngoja niipime chuma kwanza. Njia ya nyumbani ni rahisi, unachukua asidi iliyopunguzwa, unaiua kwa kuongeza magadi kidogo kidogo mpaka isichemke tena na unazidisha kidogo, halafu unaiacha usiku kucha. Chuma kikiwepo kinatua chini kama matope ya kahawia, rangi ya kutu kabisa, shaba ingetoa kijani cha bluu, na metali nyingine kama zinki zinatua nyeupe. Asubuhi nikakuta mawingu meupe mengi tu chini ya kikombe. Nikapandwa na hasira, nikaenda kumsema muuzaji kwamba anauza asidi iliyochakachuliwa, yule baba wa watu akaniangalia tu akasema mzee, mafundi wote wanachukua hii hii na betri zao zinakaa. Nikarudi nyumbani bado nimenuna.

Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, maji peke yake ulijaribu?"

Sikuwa nimejaribu. Mimi, fundi wa maabara, niliyewafokea wanafunzi miaka yote kuhusu jaribio tupu, yaani kupima vitu vyako kwanza bila ile sampuli. Tukachukua maji ya bomba bila asidi yoyote, tukaweka magadi, na mawingu yaleyale meupe yakashuka. Maji yetu ni magumu, yana kalisiamu, na magadi yanaitoa kama chaki. Tukarudia na maji yaliyokenekwa na bikaboneti badala ya yale magadi ya mawe (ambayo nayo yana matope yake, tuliyayeyusha yakaacha mchanga), kikombe kikakaa wazi usiku kucha na chini hamna kitu ukiacha vichembe vichache vya kahawia ambavyo ilibidi tuviangalie kwa tochi. Asidi ilikuwa nzuri kuliko maji niliyoyatumia kuituhumu. Nilirudi kwa yule muuzaji kuomba radhi, akacheka, akanipa kifuniko cha akiba.

Na ukifikiri vizuri kwa nini asidi ya betri iwe safi? Siyo kwa ajili yetu sisi wa vibandani. Ni kwa sababu chuma kikiingia kwenye betri kinahangaika kati ya bamba moja na jingine, huku kinapokea umeme huku kinatoa, na betri inajiishia chaji ikiwa imekaa tu, na kloraidi nayo inakula mabamba ya risasi. Kwa hiyo mwenye kiwanda cha betri ndo anayelinda kemia yako bila kujua. Ndo maana nasema angalia chupa ilitengenezwa kwa kazi gani na uchafu gani ungeiharibu hiyo kazi. Anayesafisha saruji hana shida na chuma, kwa hiyo hakuna aliyehangaika kukitoa. Anayezibua bomba hana shida na chochote. Ila nazungumzia chupa mpya, siyo asidi uliyoimwaga kutoka betri kuukuu, ile imejaa risasi na haifai kwa lolote ila kupelekwa wanakopokea betri mbovu.

Hili la vitendanishi (kemikali za kupimia) kumsingizia mtu mwingine si langu peke yangu. Mwaka 1836 mkemia Mwingereza James Marsh alitangaza kipimo chake cha aseniki, sumu iliyokuwa inatumika kuulia watu, unaweka sampuli na zinki na asidi, gesi inayotoka unaipitisha kwenye bomba la kioo lenye moto na aseniki inabaki kama kioo cheusi. Kipimo kikali ajabu. Tatizo likawa zinki yenyewe na asidi yenyewe zilikuwa mara nyingi na aseniki ndani, kwa hiyo ukifanya uvivu unaweza kuikuta sumu kwenye maiti ya mtu aliyekufa kwa homa. Ikabidi kila mara waendeshe kifaa kitupu kwanza. Na mwaka 1900 huko Uingereza, Manchester na maeneo ya jirani, watu maelfu waliugua na makumi wakafa kwa bia, ikaja kujulikana kwamba sukari ya kutengenezea ile bia ilitengenezwa kwa asidi ya salfuriki yenye aseniki, iliyotoka kwenye pairaiti, mawe yenye chuma na salfa. Asidi ile kwa kazi nyingine ingekuwa sawa tu. Ndo maana mimi sitaki hata kusikia mtu anatumia asidi ya duka la ujenzi kwenye kitu cha kuliwa au kupaka mwilini, hata kama vipimo vyangu vyote vimepita, kwa sababu aseniki na risasi kwa kiasi kidogo sana hakuna kikombe cha kibandani kitakachovionyesha.

Ukishajua hivyo mambo yanakuwa mepesi. Kama unataka kutoa gesi ya kabonidioksidi kwenye mawe ya chokaa au kuondoa kutu kwenye bisibisi, hiyo ya njano inatosha, usijisumbue. Kwa titresheni ya kujifunza (kupima kwa kudondoshea kama nilivyoeleza) inatosha pia ilimradi umeipima ukali mwenyewe. Kwa mrututu chukua ya betri. Ukitaka kutambua chuma kwenye kitu kingine, basi asidi yenye chuma ni sawa na kumpa mwizi kazi ya kuhesabu pesa. Na kwa fuwele, aisee fuwele ni wambea, uchafu kidogo tu zinatoka vipande vipande au zinabadilika umbo.

Haidrokloriki ya njano inaweza kusafishika bila moto. Unaweka kikombe cha asidi na kikombe cha maji yaliyokenekwa ndani ya dumu la plastiki lenye kifuniko kinachobana, unaliacha nje kivulini mbali na watoto na mbali na kitu chochote cha chuma, mvuke wa asidi unahama wenyewe kwenda kwenye maji na chuma kinabaki kule kwenye njano. Mimi niliacha wiki moja, nikapata ya kama asilimia 12, nyeupe, na kwenye kipande cha kioo tone lake lilikauka bila kuacha hata alama wakati tone la ile ya mwanzo liliacha duara la njano. Hilo la kukausha tone kwenye kioo ni kipimo kizuri sana kwa haidrokloriki, fanya nje, na weka tone la maji yako pembeni ili ulinganishe. Kosa langu ni kwamba dumu niliweka karibu na sanduku la vifaa, sasa hivi koleo zangu zote zina kutu utafikiri zimeokotwa baharini.

Salfuriki usijaribu kuisafisha wala kuikoleza kwa kuichemsha, inachemka kwenye nyuzi zaidi ya 300 na ule moshi mweupe unaunguza mapafu, mtu mwenye akili hafanyi hivyo nyumbani. Umoja wa Ulaya na Uingereza mtu wa kawaida haruhusiwi kununua salfuriki inayozidi asilimia 15 bila leseni, kwa hiyo angalia na sheria za ulipo kabla hujaanza. Na kwa yote niliyoyasema vaa miwani ya kukinga macho, glavu, na bikaboneti iwe karibu, makala yenu haikutaja miwani hata mara moja.

Ombi langu ni dogo, toleo lijalo mchapishe marekebisho mawili, kwamba asidi isiyo na rangi inaweza kuwa chafu, na kwamba dawa ya kuzibua mabomba inaweza isiwe asidi kabisa. Mkipata nafasi wekeni na picha ya lebo ambayo mpwa wangu ameibandika kwenye chupa yetu, kwa mwandiko wake wa haraka haraka: "Haidrokloriki ya vigae. Lebo ya duka 32%, yetu 31.3%. Sabuni hamna. Chuma IPO. Maji yamepimwa kwanza."

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi wa maabara mstaafu